Sauti Ifike Dirma

Mwanamume yule aliingia ofisini kwetu asubuhi ya siku ya mnada, amevaa shuka juu ya koti, fimbo mkono mmoja na mfuko wa plastiki mkono mwingine. Alikuwa mfugaji wa makamo kutoka Dirma, upande wa Hanang, na alikuwa amelala njiani ili atufikie. Alimwamkia mwenyekiti wa redio yetu shikamoo, mimi akanipa mkono, kisha akatoa redio ndogo kwenye mfuko na kuiweka mezani.

"Dada yangu amezikwa wiki iliyopita huku Mbulu," alisema. "Watu wananiambia mlitangaza."

"Tulitangaza, baba," mwenyekiti alimjibu. "Pole sana kwa msiba."

"Mimi nilikuwa nasikiliza. Saa ya matangazo ya vifo ikifika nakaa na hii redio. Nilisikia mtu anaongea kama yuko ndani ya mtungi. Halafu mvumo. Halafu basi. Nimefika, nimekuta kaburi."

Hakupandisha sauti. Mwenyekiti alimpa chai, akainywa yote, akashukuru, akarudisha redio kwenye mfuko na kuondoka. Hakuwa amekuja kutugombeza wala kudai chochote. Nadhani alitaka tu tujue.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari wilayani Mbulu. Nilikuwa nimepangiwa huko kutoka Kigoma, nikafika na masanduku yangu mawili na baridi ikanipokea. Redio haikuwa kazi yangu. Fundi wao alikuwa amehamia Arusha, na mwenyekiti, mama mstaafu ambaye aliwazalisha nusu ya wanawake wa kata ile alipokuwa muuguzi, alisikia kuna mwalimu mpya anayejua umeme. Akanifuata mpaka nyumbani kwangu na dumu la maziwa. "Mwalimu, uje tu utuangalizie," aliniambia. Nikaenda kuangalia, na nikawa naenda kila siku baada ya vipindi.

Siku ile mfugaji alipoondoka nilirudi shuleni kufundisha, lakini akili yangu ilibaki kwenye ile redio iliyowekwa mezani. Miaka michache kabla, baba yangu alifariki Kigoma. Nilipigiwa simu nikiwa darasani. Sisi Waislamu hatukawizi maiti, wakamzika jioni ile ile, na mimi nilipofika baada ya kubadilisha mabasi nchi nzima, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka. Sikuwa na wa kumlaumu. Kigoma ni mbali, na mtu akiwa mbali hayo humpata. Lakini Dirma si mbali. Siku za anga safi, ukisimama nyuma ya studio yetu unauona mlima Hanang, na Dirma iko upande ule ule.

Jioni nilimwomba mwenyekiti funguo za chumba cha mtambo.

"Za nini?" aliuliza.

"Nataka yule baba atusikie, mama."

"Tuombe kuongezewa nguvu ya mtambo?"

"Leseni inaturuhusu hii hii tu. Na hata hii tuliyopewa, sidhani kama tunaitumia yote."

Alinitazama kidogo, akavua funguo kwenye kamba aliyokuwa ameivaa shingoni, akanipa, na hakuzidai tena.

Redio yetu ilikuwa ya masafa ya kati. Watu wengi siku hizi wanajua FM tu, na simu. Lakini FM hurushwa kama mwanga wa tochi, ikikuta mlima imekwisha. Masafa ya kati hutambaa na ardhi, hupanda na kushuka nayo, na kwa nchi ile ya makorongo na miteremko ndiyo yaliyokuwa na nafasi ya kumfikia mtu aliye nyuma ya kilima, ambako mtandao wa simu unapatikana ukipanda juu ya kichuguu. Kwa hiyo wazee walikuwa bado wanashika redio zao za betri, na sisi tulikuwa bado tunawasomea vifo, chanjo za mifugo, bei za mnada na kwaya za Jumapili.

Nilianza na sauti, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mtambo hutoa wimbi, na sauti ya mtangazaji kazi yake ni kulitikisa wimbi hilo. Likitikiswa vizuri, msikilizaji anapata maneno. Likiguswa kidogo tu, msikilizaji wa karibu atasikia kwa kukaza sikio, na wa mbali atapokea mvumo mtupu. Niliomba shuleni kifaa cha maabara kinachoonyesha mawimbi kwenye kioo. Mkuu wa shule alikubali kwa sharti kwamba kirudi kabla ya mitihani. Nilipokiunganisha, wimbi letu lilitokea kama mkanda mpana wa mwanga. Mtangazaji akaanza kusoma matangazo. Mkanda ulipaswa kubanwa mpaka karibu uishe na kutanuka mara mbili ya upana wake. Wetu ulikunja pindo kidogo tu, kama kitambaa kilichopitiwa na upepo mdogo.

Mtangazaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa Kiiraqw mwenye sauti ya upole sana. Watu walimpenda kwa hiyo sauti. Alikaa mbali na kipaza sauti, amenyoosha mgongo, mikono juu ya meza.

"Mzee, naomba usogee," nilimwambia wimbo ulipoingia. "Kipaza sauti kiwe hapa, karibu na kidevu."

"Niliambiwa mate yanakiharibu."

"Tutakivalisha sponji."

"Mwalimu, wewe unataka nipige kelele. Tangazo la msiba halisomwi kwa kelele. Ukimsomea mtu msiba kwa kelele umemtukana."

"Sikuombi upige kelele, mzee. Soma vile vile unavyosoma. Nakuomba usogee tu, kama unavyomsogelea mtu unapompa pole."

Tangazo lililofuata alisoma akiwa pale pale pa zamani, na mimi nikabaki natazama kioo. La pili yake alivuta kiti. Hakuniangalia, alisoma jina la marehemu, ukoo, mahali pa maziko, kwa sauti ile ile ya chini, na mkanda kwenye kioo ukaanza kupumua. Niliona uso wa mwenyekiti nje ya dirisha la studio. Alikuwa anasikiliza kwa redio yake ya mkononi, akainua kidole gumba.

Haikutosha. Mzee akigeuza ukurasa sauti ilishuka, kwaya ikiingia ilipasuka. Mwenyekiti aliulizia Arusha, akapata kifaa cha kudhibiti sauti kilichokuwa kimewekwa kando na redio nyingine iliyobadilisha mitambo. Kazi yake ni kuinua sauti inapokuwa ndogo na kuibana inapotaka kuzidi. Nilikifunga kwa furaha nyingi kupita kiasi, nikazungusha vitufe vyote karibu na mwisho. Kwenye kioo wimbi lilijaa vizuri ajabu. Nilirudi nyumbani najiona nimemaliza.

Kesho yake muuguzi mmoja wa zahanati ya Gendabi, huko Hanang, dada aliyetoka Mtwara na kupangiwa huko, alinipigia simu.

"Madam, mtangazaji wenu anaumwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Anahema kama amekimbizwa. Na kuna jogoo anawika ndani ya taarifa ya habari."

Alikuwa sahihi. Kila mzee aliponyamaza kati ya sentensi, kile kifaa kilitafuta chochote cha kuinua. Kikainua pumzi zake, kiti chake, feni ya mtambo, na kuku wa jirani. Nililegeza vitufe, nikasikiliza, nikalegeza tena. Mwenyekiti alileta mablanketi mazito kutoka kwake tukayatundika kwenye kuta za studio, tukaziba uwazi chini ya mlango kwa gunia. Ilichukua muda mpaka nikapata mahali ambapo sauti ya mzee ilikuwa imejaa na bado ni yake. Yeye mwenyewe alisema hasikii tofauti. Lakini mke wake alimwambia kwamba sasa anamsikia akiwa jikoni, na nadhani hilo alilipenda.

Jumamosi nilikodi pikipiki nikaenda Hanang na redio ndogo begani. Gendabi tulisikika vizuri. Nilisimama kando ya shamba la alizeti, mzee akasoma tangazo la mkutano wa wafugaji, na maneno yalikuwa safi, hata dereva aliyenibeba akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia twende Dirma. Kadiri tulivyosonga ndivyo sauti ilivyozama. Dirma yenyewe nilisikia mzee akiongea, nikajua ni yeye, lakini sikuweza kusema anasema nini. Mvumo ulimfunika. Nilikaa juu ya jiwe na redio sikioni mpaka kipindi kikaisha. Tulichofanya studio kilikuwa kimetusaidia, lakini lililokuwa linatuzuia kufika Dirma lilikuwa mahali pengine. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga.

Jumapili nilifungua sanduku lililo chini ya mlingoti, linalouunganisha na mtambo. Watu wengi hudhani mlingoti ndio antena yote. Kwa masafa ya kati mlingoti ni nusu. Nusu nyingine imezikwa ardhini: nyaya za shaba zinazotoka kwenye kitako cha mlingoti kwenda pande zote, kama spoki za gurudumu la baiskeli. Wimbi linaegemea hizo nyaya. Zikikosekana, nguvu inaishia kupasha udongo moto, na mtambo ukiona mambo hayaendi unajipunguza wenyewe usije ukaungua. Niliangalia mshale wa mtambo wetu unaoonyesha nguvu inayotoka. Ulikuwa umekaa chini sana, na nahisi ulikuwa hapo miaka.

Nilichukua jembe nikaanza kuchimba kutoka kwenye kitako. Waya wa kwanza niliupata, umegeuka kijani. Niliufuata hatua chache, ukaisha, umekatika. Wa pili hivyo hivyo. Zote ziliishia kwenye mpaka wa kiwanja chetu. Baada ya hapo lilikuwa shamba la mahindi la jirani, mama mmoja mjane ambaye maksai wake nilikuwa nawaona kila siku bila kuwatazama.

Nilienda kwake jioni ile. Alikuwa anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nikamweleza kuhusu nyaya. Alisikiliza akiendelea kupepeta, kisha akaweka ungo chini akanipeleka zizini. Alimshika maksai mmoja shingoni, akanionyesha mguu wa nyuma. Kovu lilizunguka juu ya kwato, pana, halina manyoya.

"Waya wenu," alisema. "Ulitoka juu ya udongo. Plau ikauvuta, ukamfunga huyu, akaogopa, akakimbia nao. Mwaka ule nililima kwa mkono. Nikang'oa zote nilizoziona nikazitupa."

"Uliwaambia redio?"

"Niliwaambia. Walisema watakuja kuangalia." Alimwachia maksai. "Nyaya hazirudi shambani kwangu."

Nikaaga. Mwenyekiti nilipomweleza, alikaa kitako kwenye ngazi ya studio. Yeye alikuwa bado hajachukua uongozi wakati ule, lakini alisema aibu ni ya wote. Kesho yake tulienda pamoja, na hatukuomba chochote. Mwenyekiti alimwomba radhi kwa niaba ya redio, akamkagua yule maksai kama anavyokagua mgonjwa, wakazungumza habari za watoto waliozaliwa mikononi mwake. Mmoja alikuwa binti wa mjane mwenyewe. Tukaondoka.

Nilirudi peke yangu baada ya siku kadhaa. Safari hii nilimweleza habari za mwanamume wa Dirma. Nilimsimulia alivyoweka redio mezani, na alivyotuambia amekuta kaburi.

"Mimi nawasikia sana," alisema. "Kwangu hata bati linaongea. Nikikaa jikoni namsikia mzee wenu kwenye sufuria." Na ni kweli, karibu na mlingoti chuma chenye kutu huweza kudaka wimbi na kuimba.

"Wewe uko hapa, mama. Yeye yuko kule."

Aliokota maharage yaliyoanguka nje ya ungo, moja moja.

"Zile zilizikwa juu juu," alisema hatimaye. "Kama mtu anaficha kitu. Mkitaka kuweka, mtaweka kina cha mkono mpaka kiwiko. Mtaweka nikishavuna, kabla sijalima. Na plau nitashika mimi. Sitaki mtu mwingine awaendeshe hawa ng'ombe juu ya waya."

"Sawa, mama."

"Na ukitokea hata mmoja, mnakuja siku hiyo hiyo. Si kuja kuangalia. Kuja kuuzika."

"Tutakuja."

Kutafuta shaba kulikuwa kazi nyingine. Mpya hatukuiweza. Nikakumbuka mota zinazoungua kwenye mashine za kusaga. Kila kijiji kuna moja imetupwa nyuma ya mashine, na ndani yake kuna nyaya nyembamba za shaba zimezungushwa kama uzi. Mzee alitangaza hewani kwamba redio inaomba mota mbovu. Zilikuja kwa mikokoteni, kwa pikipiki, moja ilikuja kwenye basi ikiwa imefungwa kwenye kanga. Watu waliotusikia vizuri walichangia ili wasiotusikia wapate kusikia, na nilishangaa kwamba hilo halikuhitaji maelezo marefu.

Siku moja vijana wawili walileta rola ya waya mnene, safi, wa shaba tupu. Niliushika nikajua ulikotoka. Ulikuwa waya wa kuteremsha umeme wa radi ardhini, ule unaoshuka kwenye nguzo ya umeme.

"Mmeutoa wapi?"

"Tumeokota, madam."

Waya ule ungemaliza karibu robo ya kazi. Mvua zilikuwa zinakaribia, mjane alikuwa anavuna, na mimi nilikuwa nimechoka. Nilisimama nao mkononi kwa muda ambao nadhani wale vijana waliuona.

"Rudisheni mlikoutoa," niliwaambia. "Nguzo ile ikipigwa na radi bila huu, itaua mtu."

Walicheka kidogo, wakaondoka nao. Jioni mwenyekiti alienda kwa mtendaji wa kata kumweleza. Sikujua kama waliurudisha. Tulirudi kwenye mota zetu.

Nyaya za mota ni nyembamba, ukiuzika mmoja mmoja utakatika upesi. Ilibidi kuzisokota pamoja ziwe kamba. Akina mama wa kwaya ya kanisa lililo jirani walikuja uwanjani kwetu baada ya mazoezi. Wao walizoea kusokota kamba za katani tangu utoto, waliniangalia nikihangaika, wakaninyang'anya. Tulitundika gurudumu la baiskeli kwenye kigingi, mmoja akilizungusha, wengine wakirudi kinyumenyume na nyuzi mkononi, wakiimba, mpaka kamba ya shaba ikafika mwisho wa uwanja. Mikono ilikatwakatwa. Mwenyekiti alikuwa na chupa ya dawa ya vidonda na pamba, akipita kwa kila mmoja.

Mjane alipomaliza kuvuna alituma mtu kuniita. Mawingu yalikuwa yameshaanza kulala juu ya Hanang. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, akaninyima siku ya kwanza, akanipa ya pili alipoona nimekuja tena kusimama mlangoni kwake. Tulipiga vigingi kwenye kitako cha mlingoti na mwisho wa kila mstari. Mjane alifunga maksai wake, akashika plau, akapita mstari wa kwanza, akarudi juu ya mtaro ule ule kuuongeza kina, kisha akasimama na kuingiza mkono wake mpaka kiwiko. Aliporidhika aliitikia kwa kichwa, nasi tukalaza kamba ya shaba, akina mama wakifuata nyuma na majembe kufukia. Mzee mtangazaji alisoma habari, akaweka nyimbo ndefu, akaja na yeye na jembe lake. Hakuna aliyemwita.

Yule maksai mwenye kovu alikataa kuvuka mstari wa pili. Alinusa kamba ikiwa bado haijafukiwa, akarudi nyuma, akavuta nira mpaka mwenzake akayumba. Mjane alituambia tuondoe kamba zote machoni pake. Tukazikunja tukazipeleka nyuma ya nyumba. Tangu hapo plau ilikwenda kwanza mpaka mwisho wa shamba, ng'ombe wakatolewa pembeni, ndipo kamba zikaletwa. Kazi ilichelewa, lakini hakuna aliyelalamika. Mvua ya kwanza ilitupata tukiwa tumebakiza upande wa magharibi, upande wa bonde. Tuliendelea ndani yake. Udongo mweusi ule ukilowa unashika mguu kama mkono wa mtu, na mwisho tulikuwa tunatambaa zaidi ya kutembea.

Tulizima mtambo, nikazichomelea ncha zote kwenye mkanda wa shaba kuzunguka kitako, nikafunga sanduku, nikaingia chumba cha mtambo nikiwa tope mpaka kiunoni. Niliwasha. Mshale ulipanda. Nikarekebisha sanduku la mlingoti, kidogo kidogo, nikienda na kurudi kwenye mvua, na kila nilipoligusa mshale ulipanda tena, mpaka ukafika mahali ambapo maandishi ya mtambo yalisema ukae. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe, mama."

Akasema, "Basi kaoge, utaumwa."

Nilienda Dirma wiki iliyofuata. Boma la yule mfugaji niliulizia dukani, nikaonyeshwa. Alinitambua, akanipa kigoda, hatukuzungumza habari za dada yake. Saa ya matangazo ya vifo ilipofika alitoa redio yake akaiweka chini katikati yetu. Mzee alianza kusoma. Nilisikia karatasi ikigeuzwa. Nilisikia jina la marehemu, mama mmoja wa upande wa Dongobesh, jina la mumewe, watoto wake na wanakoishi, siku na mahali pa maziko. Hakuna neno lililopotea.

Mfugaji alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Huyu simfahamu," alisema.

"Mimi pia simfahamu."

"Lakini nimesikia atazikwa wapi."

Mke wake alileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Aliniuliza kama Kigoma kuna ng'ombe. Nikamwambia wapo, lakini sisi ni watu wa dagaa, akacheka, kwa sababu hajawahi kuona mtu mzima anayejisifia samaki wadogo vile. Nilikaa kwao mpaka jua likapungua ukali.

Watu wakisikia habari hii huuliza kama basi sasa tunafika kila mahali. Hatufiki. Kiangazi kikikaza udongo unakauka, mshale unashuka kidogo, na mimi nawaambia wenzangu tumwagie maji kitako cha mlingoti, jambo ambalo linamfanya mjane atushangae tunapomwagilia chuma. Kuna makorongo nyuma ya mlima ambako bado tunasikika kwa shida. Na kuna Masakta, huko huko Hanang.

Malalamiko ya Masakta yalianza wakati Dirma wameshatulia. Walisema mchana tunasikika, jioni tunageuka nyuki. Kama shida ingekuwa ardhi, ingekuwepo mchana pia, nikajua ni kitu kinachowashwa. Nilifika kwa mwalimu mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Iringa, anayefundisha shule ya msingi huko na kupanga nyumba kwa familia ya wakulima. Tulikaa sebuleni na wenye nyumba. Giza lilipoanza kuingia baba mwenye nyumba aliwasha taa ya sola, na papo hapo redio yao ikaanza kunguruma.

"Naomba uzime, baba," nilimwambia.

Akazima. Mzee wetu akatoka safi ndani ya redio, anasoma bei za alizeti. Akawasha, nyuki wakarudi. Alirudia mwenyewe mara kadhaa, akiwasha na kuzima, akiitazama redio kisha taa, kama mtu aliyewakamata wanagombana.

"Kwa hiyo nichague," alisema. "Nione au nisikie."

Mke wake hakungoja jibu langu. Alichukua redio akaenda nayo jikoni, kibanda kilichokuwa ng'ambo ya ua, akaiweka dirishani upande wa nje, na sauti ikarudi na taa ikiwa inawaka. Nikamwonyesha jinsi ya kuigeuza pole pole mpaka mvumo uliobaki upotee. Aliijaribu yeye, akapata mahali pazuri kuliko nilipopapata mimi, akaweka jiwe dogo kuizuia isizunguke.

Baba mwenye nyumba alisema jirani zake wote wana taa kama ile, zilinunuliwa pamoja mnadani. Nikamwomba kesho anipeleke kwao, nyumba kwa nyumba, tuzitafutie redio zao mahali. Akasema tuanze mapema, kabla watu hawajaenda shamba.